Kaleidoskopu Zilizotiliwa Shaka Galbet

Galbet, Garissa

Kwako dada yangu Mghoi,

Hamjambo wewe na watoto? Goti la mama limepoa, au bado linamsumbua akishuka shambani? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanikausha kama ng'onda.

Dada, nusura nifukuzwe nyumba. Unaujua ugonjwa wangu wa kukusanya kaleidoskopu, ile mirija yenye vioo na vipande vya rangi. Ukiuzungusha mmoja, maua yanavunjika na kujipanga upya. Sasa ninazo tano. Hii mpya ni ya shaba, nimeipata sokoni kwa muuza mitumba ambaye hata hakujua ni ya nini. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idd! Kwa kuwa inataka mwanga, kila asubuhi kabla ya kwenda kufungia watu sola, nilikuwa napanda paani kuchungulia.

Basi salamu zikapungua. Nikiingia dukani, sauti zinashuka. Nikaanza kuwashuku majirani: huenda wanataka kuniibia. Nikaficha kaleidoskopu zangu chini ya kitanda. Kumbe wao walinishuku zaidi.

Ijumaa baada ya swala, mwenye nyumba wangu, Mama Hibo, alibisha hodi. Nyuma yake mzee wa mtaa na majirani wawili. Mama Hibo akaanza:

"Fundi, hiyo darubini unaangalia nani? Wanawake wanaanika nguo uani, wewe iko juu. Ama umetumwa kupeleleza?"

Mgeni akishukiwa hivyo huku, anaweza kulala kituoni. Nikazitoa zote, nikampa mzee ile ya shaba. Akachungulia, akaizungusha polepole.

"Subhanallah! Huyu haoni mtu. Anaona maua."

Majirani wakapokezana, wakacheka. Mama Hibo hakucheka. Alichungulia, akaikung'uta, akachungulia tena.

"Na hii rangi ikiisha, inaonyesha nini?"

"Haiishi, mama."

"Wallahi, mimi siamini. Hii inakaa kwangu kwanza."

Sikubishana, angalau nyumba bado ninayo. Nisalimie mama, shemeji, na shangazi yetu mfuga nyuki.

Jana nilirudi kazini mapema nikamkuta Mama Hibo kibarazani, jicho moja limefumbwa, jingine limezama kwenye shaba, anatabasamu peke yake. Nilipomsalimu, akaificha chini ya shungi.

"Bado nachunguza," akasema.

Ndugu yako akupendaye,
Mwakio