Kaburi Nililochimba Uwanjani

Mshangano, Songea
Jumapili jioni

Kaka Saidi,

Shikamoo. Naandika daftari likiwa juu ya tofali na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya huku, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua usome polepole. Mama anaendeleaje na miguu yake? Shemeji Mwanaidi na watoto ni wazima? Mmeshaanza kupuliza dawa kwenye mikorosho, au bado mnagombania ile mashine moja na majirani? Mimi nipo. Mwili unauma lakini unafanya kazi. Kifua kinanibana kidogo kwa moshi wa tanuri la matofali, si ugonjwa.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Kaka, kwenye simu mdomo wangu unatangulia kudanganya kabla sijafikiri. Kwenye karatasi naweza kusimama. Nataka ukimaliza kusoma unijibu jambo moja tu, kama bado nina haki ya kuja kusimama kwenye kaburi la baba. Ili ujibu vizuri inabidi nikueleze mambo mawili, moja la juzi na moja la mwaka jana. Naanza na la juzi, maana ndilo lililonifungua kinywa.

Hapa Mshangano tulikuwa na maonyesho ya utamaduni, siku tatu nzima. Fundi mmoja alikuja kwenye tanuri letu akachagua watu sita wa kubeba mbao na kujenga jukwaa na mabanda. Nikawa mmoja wao. Kaka, sijawahi kufanya kazi ya namna ile. Asubuhi ukungu wa huku unashuka mpaka magotini. Unabeba ubao, huoni unakokwenda, lakini unasikia njuga za watu wa lizombe wanajaribu ngoma yao, miguu yao huioni, unasikia tu ardhi inatikisika karibu yako. Halafu kina mama wa ngoma ya kioda, wageni waliotoka kule ziwani, wakatokea, wote na nguo nyeupe, kama nguo zilizoanikwa ambazo zimeamua kutembea zenyewe. Niliweka ubao chini nikawaangalia mpaka wakapotea tena kwenye ukungu.

Kwenye mabanda kulikuwa na vyungu vya kina mama wa Maposeni, mikeka, vinyago, na picha za rangi. Picha moja ilikuwa ya milima ya Umatengo na yale mashimo yao ya kulimia, mashimo mengi kama sega la nyuki. Niliisimamia nikasahau kama nimetumwa misumari. Nilijiona natembea kwenye kingo za yale mashimo bila kuanguka. Fundi aliniita mara tatu.

"Bakari! Umenunua hiyo picha?"

"Naiangalia tu."

"Iangalie na misumari mkononi."

Nilikuwa na uchovu mwingi, nikuambie ukweli. Kabla ya hapo tulikuwa tumechoma tanuri na tulikuwa tukipokezana kulichochea, kwa hiyo zile siku tatu nilizipita kama mtu anayeota huku akitembea. Labda ndiyo sababu ya yote yaliyotokea.

Kulikuwa na mchezo wa kuigiza siku ya mwisho. Aliyeutunga ni Mwalimu Neema, binti wa Bukoba anayefundisha sekondari hapa. Ulikuwa unahusu mzee wa Kingoni anayefariki na watoto wake wanagombana juu ya maiti. Mwalimu alitaka kaburi la kweli, lichimbwe mbele ya jukwaa. Vibarua wenzangu, Wangoni watupu, wakaweka majembe chini. Wakasema kaburi haliachwi wazi bila mwenyewe, litamtafuta mtu. Mwalimu akawabembeleza, wakakataa. Mmoja akasema, "Mpe huyo Myao. Likitafuta mtu, limpate mtani."

Wakacheka wote. Nikachimba mimi.

Kaka, ule udongo ni mwekundu na laini, jembe linaingia bila kelele. Nilipofika kiunoni nikasimama. Nikakumbuka kuwa la baba sikulichimba. Nikaendelea kuchimba nikiwa siwazi kitu kingine. Mwalimu akaja kusema, "Inatosha fundi, huo ni mchezo," na mimi nilikuwa nimeshafika kifuani.

Maiti alikuwa Mzee Osmundi, kinyozi. Mtu wa maneno mengi. Wakati wa mazoezi alikuwa anakula maandazi akiwa ndani ya sanda na mwalimu akimfokea, "Mzee, marehemu hatafuni!" Mjane alikuwa Mama Gaudensia, muuza nyanya wa sokoni, anayelia machozi ya kweli wakati wowote ukimwambia alie. Shimoni tuliweka magunia ya pumba ili Mzee Osmundi asiumie akiteremshwa.

Siku yenyewe, alasiri, kazi yangu ilikuwa imeisha. Nikalala nyuma ya jukwaa juu ya vipande vya mbao, jua likanipiga vizuri baada ya baridi yote ile. Nikasinzia. Kwenye usingizi nikasikia vilio vya wanawake na nyimbo za maziko za Kingoni. Sikuamka kwanza. Nilisimama, halafu ndiyo nikaamka, nikiwa tayari natembea. Nikaona jeneza la miti limebebwa begani na watu wanne, na umati wote umesimama.

Unakumbuka msiba wa babu, wale Wangoni watatu waliokuja kutoka Namtumbo? Walivyolala ndani ya kaburi wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo, na watu wote wakacheka katikati ya kilio? Miguu yangu ilikumbuka hilo. Nikakimbia, nikapita kati ya watu, nikaruka ndani ya kaburi.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Mngoni huyu alikunywa ulanzi mpaka mianzi ikahama kijiji! Nani atatulipa?"

Mwalimu Neema akatokea pembeni ameshika makaratasi. "Fundi! Toka humo, unaniharibia mchezo!"

Mzee mmoja kwenye umati akamjibu, "Mwache, mwalimu. Huyo ni mtani, ana haki yake."

"Haki gani? Kwenye mchezo hayumo!"

"Kwenye msiba yumo."

Umati ukalipuka. Huku wananiita, "Mla panya wewe! Umefuata panya humo shimoni?" Na mimi nawajibu, "Nimefuata huyu, ndiye panya mkubwa wa Songea!" Mama mmoja akanirushia kuku mzima amefungwa miguu, kwamba ndiyo fidia nitoke. Nilimdaka. Kaka, ilikuwa furaha ambayo sijaipata tangu nihame nyumbani. Mtu wa kuchoma matofali hapigiwi makofi na uwanja mzima.

Nilikuwa nimemweka kuku ukingoni na nimeinua mguu nitoke. Lakini wale wabebaji wanne walikuwa wamefundishwa kuteremsha maiti kwenye ubeti fulani wa wimbo, na ubeti ule ukafika. Wakaanza kuteremsha. Nikaona sanda nyeupe inashuka juu yangu, nyuma yake mbingu, na mikono ya watu wanne.

Mikono yangu ikainuka kumpokea.

Sikuiambia mimi. Nilimpokea kichwani na mgongoni kama mtoto anavyompokea baba yake, nikasema bismillahi wa ala millati rasulillah, nikamlaza ubavu wa kulia uso uelekee kibla, nikaanza kumfungua kamba ya sanda. Nikasikia sauti ndani ya nguo, ya chini sana, "Wee Myao, unanifanyia nini? Mimi Mkatoliki."

Waliokuwa karibu walisikia wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Niliweka shavu langu juu ya bega la yule kinyozi nikalia. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu mmoja akauliza, "Mtani gani analia?" Mama Gaudensia, ambaye alitakiwa aimbe pale, akaacha kuimba akaja ukingoni akanitazama. Akasema, "Huyu halii wa kwetu. Analia wa kwake. Mtoeni taratibu."

Wakanitoa. Mchezo uliendelea, sijui uliishaje. Ulipokwisha, Mama Gaudensia alinifuata nyuma ya jukwaa na khanga zake za ujane, akakaa kwenye mbao.

"Ni nani?"

"Baba."

"Ulimzika?"

"Hapana. Gari liliharibika njiani."

Ilitoka hivyo hivyo, Kaka, kama nilivyokuambia wewe. Akanishika mkono, akasema pole baba, safari ndivyo zilivyo. Na ile pole yake ikaniunguza. Nikamwambia, "Hapana, mama. Gari halikuharibika. Nilishuka."

Sasa nakuambia na wewe.

Mwaka jana uliponipigia simu alfajiri kwamba baba ametutoka, nilikwenda stendi na nikapanda basi. Hilo ni kweli. Nilikaa dirishani. Tulipokaribia Namtumbo nikaanza kukumbuka ile misimu miwili baba alipokuwa anakohoa na kunipigia mwenyewe, "Bakari, njoo tusaidiane kupuliza dawa, kifua kimenishinda," nami namjibu wiki ijayo, baba. Wiki ijayo. Kazi sikuwa nayo wakati mwingine, Kaka. Nilikuwa nimekaa tu. Nilikuwa naona aibu kurudi mikono mitupu, vilevile nilivyoondoka, halafu nikaona aibu ya kuchelewa kurudi, zikapandana. Nikajiona nateremka kaburini kumpokea mtu niliyemwambia wiki ijayo. Basi liliposimama Namtumbo nikashuka kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nikasimama nyuma ya kibanda cha mahindi ya kuchoma mpaka basi likaondoka. Nikanunua hindi nikala. Nililimaliza lote. Kisha nikakupigia nikasema gari limeharibika porini, msubiri.

Najua mlisubiri. Najua mlimweka baba mpaka alasiri kwa ajili yangu, na wazee walikusema mbele za watu kwamba unamchelewesha maiti. Ulinitetea. Uliwaambia mdogo wangu yuko njiani. Mimi nilikuwa nimeshapanda gari lingine la kurudi Songea.

Hakuna aliyejua mpaka juzi. Nilidhani litalala. Halikulala, lilikuwa linanifuata kwenye tanuri, kwenye ukungu, kila nikisikia watu wanasimulia habari za nyumbani kwao naondoka.

Mama Gaudensia hakunikemea. Ngoma ya mganda ilikuwa imeanza upande wa pili wa uwanja. Halafu akasema, "Kaka yako anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi bado unaye kaka wa uongo. Mwambie, upate wa kweli, hata kama atakuwa mkali." Akanipa yule kuku, akasema ni halali yangu, nimemtolea jasho. Nilimrudishia yule mama aliyenirushia. Jioni ile tulifukia lile kaburi, na wale Wangoni waliokataa kuchimba wakaja wenyewe na majembe wakanisaidia, hawakusema neno la utani hata moja. Mwalimu Neema alipita akasema mwakani ataandika mchezo wenye mtani. Akaniuliza kama nitakuwepo. Nilimwambia sijui nitakuwa wapi.

Nisalimie Shemeji Mwanaidi, mwambie zile khanga alizoniagiza sijazisahau. Msalimie Shangazi Binti Yusufu aliyetulea, na Mjomba Athumani muadhini wetu. Watoto wako wote waambie baba yao mdogo anawakumbuka kwa majina. Mama nakuomba usimsomee barua hii. Si kwamba nataka asijue. Hilo nataka nimwambie mwenyewe nikiwa nimekaa chini miguuni kwake, kama akinipa nafasi.

Tanuri letu tunalifungua Jumatano. Ijumaa ya wiki inayokuja nitaswali kwenye msikiti wetu wa kijijini. Sitapita nyumbani kwanza, kwa sababu nyumba sasa ni yako na sijakaribishwa. Nitakaa safu ya mwisho, karibu na mlango wa viatu. Swala ikiisha sitainuka. Kama umekubali, njoo uniguse bega twende makaburini, unionyeshe lipi ni la baba, maana hata hilo silijui. Kama hujakubali, toka kwa mlango wa mbele na usigeuke. Sitakulaumu wala sitakufuata. Nitakaa mpaka msikiti uwe mtupu, nitamwombea baba nikiwa palepale, halafu nitatafuta gari.

Nimekutajia siku mapema ili usiamue kwa hasira ya siku moja.

Mdogo wako niliyekudanganya,
Bakari