Mama Mkwe Anataka Kumchukua Sophia kwa Sababu Tunacheza na Makopo

Bi. Mabel, shikamoo. Naitwa Salmini, msikilizaji wako wa redioni, mkulima wa korosho hapa Chilangala, Newala, na nakuomba unisaidie kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, maana ndipo mama mkwe wangu aliposema atakuja kumchukua binti yangu, na mimi kwa heshima nilijibu "sawa mama" huku moyo unakataa.

Binti yangu anaitwa Sophia, ana miaka mitatu na nusu. Mama yake, Shamila, yuko Ndanda anasomea uuguzi, tulikubaliana wenyewe aende, nami nikabaki na mtoto. Mwanzoni tuliteseka, Bi. Mabel. Mtoto alikuwa akisikia pikipiki anakimbilia barabarani akidhani mama yake amerudi, na mimi kazi za shamba zinanisubiri, basi mama mkwe, ambaye anakaa Masasi mjini, akatuonea huruma akatuletea simu yake ya zamani imejaa katuni, na kusema kweli ilinisaidia, mtoto alikaa kivulini ametulia tangu asubuhi, nikaweza kupalilia na kupulizia mikorosho dawa ya salfa bila kusikia kilio. Lakini ule utulivu ukazidi. Akaacha kusalimia watu, akaacha kuomba chakula, nikimlisha bila simu anafunga mdomo, na maneno aliyokuwa ameshayajua yakawa hayatoki, akitaka kitu ananyoosha kidole tu na kuguna. Nikampeleka hospitali wakampima masikio, wakasema anasikia vizuri, na nesi akaniuliza, "Baba, huyu nyumbani anaongea na nani?"

Haukupita muda ile simu ikatumbukia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo ikafa, nami sikuipeleka kwa fundi. Sophia alijitupa chini akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Midoli ya dukani siiwezi, na maji huku kwetu juu mlimani unajua yalivyo ya shida, siwezi kumwachia mtoto achezee, kwa hiyo nikashika kilichokuwepo. Nilifagia uwanja nikachora kuku kwa kijiti, naye akaja akachungulia, akamfuta kwa mguu, nikachora mwingine, akafuta tena, na safari hii akacheka. Ndipo tukaanza. Kwa mabua ya mtama tukatengeneza miwani na ng'ombe, gunzi la mahindi likawa mtoto wa kubeba mgongoni, makopo matupu yakawa masufuria, kidumu cha dawa ya mikorosho nikakikata nikakitia magurudumu ya vifuniko kikawa lori, na upepo wa jioni ukianza tunarusha tiara ya gazeti. Nikienda shambani naye yumo, ana kivuli chake, na kazi yake ni kunitafutia majani mawili yanayofanana.

Siku moja nikafunga vifuu viwili vya nazi kwenye kijiti ikawa mizani, nikampa korosho za mwaka jana zilizobaki, nikamwambia yeye ni karani wa chama cha ushirika na mimi ni mkulima nimeleta mzigo. Nikapanga foleni peke yangu. Akaweka korosho kwenye kifuu, akaitazama mizani kwa makini, halafu akaniangalia usoni akasema, "Baba, korosho zako mbichi. Kaanike, urudi." Bi. Mabel, huyo ni mtoto aliyekuwa anaguna. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi na mzigo wangu nikamwambia nimeshauanika.

Tangu hapo hanyamazi. Watoto wa jirani wameanza kuja, uwanja wangu una foleni ya wakulima wafupi kila siku. Kaka yangu Anwari ananicheka kwamba mwanaume mzima nimekuwa yaya, lakini hilo nalivumilia. Linaloniumiza ni la mama mkwe. Alikuja bila taarifa akamkuta mjukuu wake ana vumbi mpaka kwenye nyusi, na mimi nimejifunga khanga kiunoni, nimekaa chini nauziwa maandazi ya udongo. Akasimama akatutazama, akasema taratibu, "Baba Sophia, mimi nilimletea mjukuu wangu simu, wewe unampa makopo?" Halafu akasema kwake Masasi kuna televisheni na sakafu ya vigae, na kwamba mtoto wa kike hawezi kukua akiokota takataka na baba yake. Shamila sijamwambia, kwa sababu ana mitihani na sitaki kumvuruga. Mama mkwe ni mtu mwema, ametusaidia sana, kumkatalia siwezi, na kumtoa Sophia siwezi. Nifanye nini?

Salmini, Chilangala


BI. MABEL ANAJIBU

Marahaba, Baba Sophia. Barua yako niliisoma nikiwa nachemsha chai, na chai ilikaukia jikoni.

Umemrudishia mtoto maneno yake kwa vifuu viwili na kijiti, na bado unaniandikia kama mtu aliyekamatwa na kosa. Inua kichwa. Kaka yako akikucheka, mwambie apange foleni na yeye apimiwe.

Sasa nikugombeze. Kidumu cha dawa ya mikorosho hakiwi lori, hata ukikiosha kwa sabuni yote ya Newala. Sumu inabaki kwenye plastiki, na mikono ya mtoto haikai mbali na mdomo. Kiondoe leo, kitoboe kisitumike tena, muulize bwana shamba pa kukitupa, na lori lingine mtengenezee kwa boksi. Korosho za mchezo zikae mbele ya macho yako, asizing'ate, maana mafuta ya ganda yanababua midomo na wewe mkulima unalijua hilo kuliko mimi. Maharage na kokoto ndogo usimwachie akiwa peke yake, huwa zinaishia puani. Kama una kisima cha kuvunia maji ya mvua, kifunike kwa kitu ambacho watoto wa foleni yako hawawezi kukisogeza.

Halafu kuna jambo baya kuliko kidumu. Unamficha mkeo. Shamila amekwenda kusoma, hakuacha kazi ya umama. Leo mtoto wake anapangiwa kuhamishwa mji, wewe unamlindia mitihani? Ajikute amefaulu na mwanawe ameshahamia Masasi? Mpigie simu leo. Kubalianeni ninyi wawili, kisha yeye ndiye azungumze na mama yake. Mambo ya namna hii mkwe hayapeleki kwa mkwe wakati binti mwenyewe yupo hai na ana simu. Na siku nyingine, moyo ukikataa, usijibu "sawa mama." Jibu, "Mama, ngoja nizungumze na mwenzangu." Hapo hujamvunjia mtu heshima.

Kwa mama mkwe usiende na hoja. Usimwambie kwamba simu yake ndiyo ilimnyamazisha mtoto, ataumia bure, maana aliitoa kwa upendo. Mwalike aje akae kwenu siku kadhaa. Mpokee vizuri, mpikie, halafu mwombe awaonyeshe watoto yeye na wenzake walikuwa wanacheza nini walipokuwa wadogo. Huyo mama hakukulia kwenye vigae.

Na wewe usijichoshe. Mtoto hahitaji umchezee kutwa nzima. Anzisha mchezo, kaa naye kidogo, kisha rudi kwenye jembe lako umwache aendelee mwenyewe ukiwa unamwona. Akikuambia amechoka na mchezo usikimbilie kumletea kitu kipya, subiri, atabuni. Mvua zikianza, funga kamba chumbani utundike shuka liwe nyumba yake, apange masufuria kwa ukubwa, achambue maharage mkiwa wawili, msimuliane hadithi. Kila jioni mnawishe uso na mikono kwa hayo maji machache mliyonayo, ili bibi yake akija amkute na vumbi la leo, sio la juzi.

Sophia abaki kwa baba yake. Masasi aende kutembea.


SALMINI AMETUANDIKIA TENA

Bi. Mabel, shikamoo. Lori la kidumu limeondoka, sasa tuna la boksi. Shamila nilimpigia jioni ileile majibu yako yaliposomwa redioni. Alinigombeza sana kwa kumficha, kisha akaomba aongee na mtoto, na Sophia akamsimulia habari ya mbuzi aliyeingia jikoni akala unga, mwanzo mpaka mwisho bila kupumua. Nikasikia upande wa pili mtu anacheka na kulia pamoja. Akaniambia mama yake nimwachie yeye.

Sijui walizungumza nini, ila msimu ulipofunguliwa mama mkwe alikuja, na begi la kubebea nguo za mtoto alikuwa nalo. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti amekunja uso. Siku iliyofuata nikamwomba kama ulivyonielekeza, akajibu kwamba michezo ya utotoni ameisahau yote. Mchana akanituma nimtafutie magome ya mti, akayaloweka, akaanza kusokota kamba bila kusema ni ya nini. Sophia akakaa pembeni yake akimuuliza maswali, na mama mkwe akawa anamjibu kila moja, hata yale ya kurudiarudia.

Jioni akawaita watoto wote wa jirani. Akamkabidhi Anwari, aliyekuwa amekuja kutazama, ncha moja ya kamba, mimi akanipa nyingine, akatuamuru tuzungushe. Kisha akajifunga khanga vizuri, akaanza kuimba kwa Kimakonde wimbo ambao hata mimi sijawahi kuusikia, akaingia kwenye kamba na kuruka. Watu waliokuwa wanatoka mashambani na magunia ya korosho wakayatua chini wakapiga makofi. Sophia akaingia naye, wakaruka wameshikana mikono, na mtoto anaitikia wimbo kwa sauti inayofika mpaka barabarani.

Kamba ndiyo iliyoshindwa, ikakatika. Mama mkwe akabaki katikati ya uwanja anahema na kucheka, vumbi limempanda mpaka magotini. Akamwambia Anwari asokote nyingine. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Baba Sophia," akasema, "huyu mtoto asitoke hapa."