Ndege Namba 714

Jumanne, 4 Machi
Kazini leo: seti mbili za meno ya bandia ya juu, moja ya chini. Moja imerudishwa – mwenye nayo analalamika inapiga filimbi akitamka "s". Nimeisugua, imenyamaza.

Jioni kaja shemeji, binti wa shangazi yake mke wangu, yule mwalimu wa fizikia. Akasimama mbele ya kabati langu la ndege ndogo za plastiki. Wageni wengi huuliza kama zinaruka. Yeye akauliza kipimo. Moja kwa arobaini na nane, nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mkaguzi.

Mama yake anatimiza miaka sabini tarehe 29. Anataka nimtengenezee ndege ya marehemu baba yake. Alikuwa rubani wa jeshi, akaanguka nayo shemeji akiwa na miaka minne. Hakikuokotwa hata kifungo. Ameniachia picha: baba kaegemea bawa, anacheka, na kwenye mkia namba 714.

Nikamwambia nitajaribu kutafuta boksi la ndege ya aina hiyo. Mke wangu akakohoa. Anajua fika lipo uvunguni mwa kitanda mwaka wa sita huu.

Alhamisi, 6 Machi
Vipande 126, inasema karatasi. Vipo 125. Kiti cha rubani hakimo! Nimechonga kingine kwa plastiki ya pinki tunayofanyia fizi kazini. Nikishakipaka rangi nani atajua.

Mke wangu: kwa hiyo marehemu mjomba atakalia ufizi?
Ndiyo.

Jumapili, 9 Machi
Mabawa yameshika. Nimepiga msasa asubuhi nzima. Mke wangu kakuta vumbi la plastiki kwenye chai yake. Akaimwaga taratibu – hapo ndipo ninapoogopa.

Tatizo: picha inaonyesha upande wa kulia tu. Siwezi kubuni wa kushoto. Mke wangu anauliza nani ataigeuza. Hakuna. Lakini mimi nitajua.

Nimeuliza kwenye grupu letu la wajenzi wa ndege ndogo. Tuko kumi na mmoja, wanne hawajawahi kumaliza hata moja.

Jumatano, 12 Machi
Kapiga simu Spana, mzee wetu wa grupu, fundi wa ndege za jeshi mstaafu. Kwa kawaida hutuma picha za maua na "asubuhi njema", basi. Leo sauti imechangamka. 714? Hiyo nimeilea kwa mikono yangu!

Akatuma picha. Upande wa kushoto, safi, misumari inahesabika. Nikapiga kelele ya furaha, jirani akachungulia. Akatuma na nyuma ya picha, alipoandika tarehe. Nikaisoma mara tatu.

Ni miaka miwili baada ya ndege kuanguka.

Nikampigia. Labda namba ilipewa ndege nyingine? Akacheka. Hatukuwa tunagawa namba kama viatu, alisema. Kisha akauliza nani anataka kujua. Familia ya rubani, nikasema. Nikadhani salio limekwisha.

"Ndege ilirudi, mwanangu. Rubani ndiye hakurudi."

Aliondoka nayo asubuhi moja kama anakwenda mazoezini, akavuka mpaka, akatua vizuri nchi jirani, akazima injini, akaenda zake. Baada ya miezi minne wakubwa wakaelewana, Spana akatumwa kuifuata. Jeshi halikutaka maneno, kwa hiyo ikaandikwa ajali. Spana anasema hata mafuta yalikuwa yamebaki. Hilo linamkera mpaka leo, sijui kwa nini.

Ijumaa, 14 Machi
Sijamwambia mke wangu. Mjane wa rubani ni shangazi yake. Nimepaka kijani, mkono wa kwanza.

Shemeji kapiga simu. Anataka kibao cha shaba kwenye kitako: "Baba alianguka nayo akiwa kazini." Halafu akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa ndege, naona ilianguka kwa sababu gani hasa? Tangu sekondari anapiga hesabu – mwendo, upepo, uzito. Ana daftari zima. Ndiyo maana alisomea fizikia, alisema.

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Jumatatu, 17 Machi
Leo nimepeleka ndege kazini, mashine yetu ya upepo inapuliza rangi vizuri kuliko yangu. Nikaiacha rafuni ikauke, kati ya taya mbili za plasta. Nikasahau kuwa leo ni zamu ya Shangazi, mama yake shemeji, kujaribu meno yake.

Kakaa kitini, nikamwekea meno ya nta. Tulia, Shangazi, usiseme kitu, nta bado laini. Akatulia. Macho yakazunguka chumba, yakafika rafuni, yakaganda.

Akanyoosha kidole. Usiseme, nikamwambia. Akayatoa meno mwenyewe, akayaweka kwenye trei.

"Nani kakutuma?"
"Binti yako. Ilikuwa iwe siri, ya siku yako ya kuzaliwa."
"Na wewe unajua nini?"

Kudanganya mtu asiye na meno ni kazi ngumu. Nikamwambia najua ilirudi.

Hakulia. Alifuta mdomo na kitambaa, akakikunja mara nne. Akasema mumewe hakuaga. Ilikuja barua moja tu, mistari minne, akaichoma. Wakubwa wakaja na yao, kwamba ni ajali, na kwamba ni vizuri akubali hivyo. Akakubali.

"Mtoto alikuwa anakimbilia dirishani kila ndege ikipita, mkwe wangu. Ningemwambia baba kaondoka, angekaa pale dirishani mpaka leo. Nikamwambia kaanguka. Alilia wiki mbili, ya tatu akaanza kula."

Nikamuuliza niifanyeje ndege. Akaitazama.

"Imalize. Ni nzuri. Na yeye aliipenda kuliko sisi, tusidanganyane."

Akarudisha meno mdomoni, akajitazama kwenye kioo. Ya mbele ni marefu, alisema. Punguza.

Nimepunguza nusu milimita.

Alhamisi, 20 Machi
Magurudumu. Miguu ya ndege hii ni myembamba kama njiti. Mungu anisaidie.

Shemeji anaulizia kibao. Nikamwambia mchongaji anaumwa. Haumwi, sijampelekea. Kitako kimebaki na matundu mawili ya skrubu.

Jumatatu, 24 Machi
Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anapanga nguo. Akaendelea kupanga. Akapanga zote, akazitoa, akaanza upya.

Akasema tusiseme. Baada ya chakula akasema tuseme. Wakati wa kuosha vyombo akasema nani alinituma kutafuta upande wa kushoto.

Alhamisi, 27 Machi
Stika za namba. 7 imekaa. 1 imekaa. 4 ilichanika, nikaichora kwa mkono. Imependeza.

Saa kumi shemeji kapiga simu, anaongea kwa furaha mpaka simu inatetemeka. Mke wangu alikuwa amempa sifa zangu – siku za nyuma, kabla hajajua lolote – kwamba mimi sibuni, kwamba hata picha nilipewa na fundi wa jeshi. Shemeji kamtafuta fundi huyo. Kampata. Kamwalika Jumamosi! Anasema Mama atafurahi kumwona mtu aliyefanya kazi na Baba.

Nikampigia Spana asije. Akasema suti ameshapiga pasi.

Nikampigia Shangazi, nikamweleza. Nikasikia maji yanachemka kwake.
"Mwache aje," alisema.

Jumamosi, 29 Machi
Naandika jikoni kwa Shangazi, saa tisa alasiri, mgongoni mwa risiti ya keki. Nitanakili baadaye.

Ndege imefika nzima. Shemeji akaipokea, akataka kuibusu, mguu wa kushoto ukakatika. Nikasema dakika kumi tu, gundi ninayo mfukoni. Kabla sijatoka nikamsikia akimgeukia Spana, aliyekaa wima kwenye sofa na suti yake.

"Mzee, siku ile ya mwisho ulikuwepo? Alionekanaje?"

Spana akanitazama. Mimi nikamtazama Shangazi. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Asijibu yeye. Nitajibu mimi. Mwanangu, kaa hapa karibu."

Mke wangu akafunga mlango wa sebule. Mimi nikiwa upande huu.

Nasikia sauti moja tu, ya Shangazi. Haipandi, haishuki. Maneno siyapati. Mara moja shemeji aliuliza kitu kifupi. Shangazi akamjibu kwa kifupi vilevile, kisha kiti kikasukumwa. Hakuna aliyetoka.

Keki iko hapa mezani mbele yangu, haijakatwa. Nimeushikilia mguu wa ndege kwa vidole viwili, naandika kwa mkono mwingine.

Gundi ilishakauka, nadhani, robo saa iliyopita. Bado nimeushikilia.