Jozi Moja Haikuachana

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Bati la jikoni limezibwa, na mama anatembea bila fimbo.

Nasikia ulimwambia mkeo, "Kwetu hatuzai watoto wa hivyo," ukarudi kazini huko kabla udongo wa kaburi la binti yenu haujakauka. Nani kakudanganya? Daktari alitueleza sote: seli hugawanyika ili yai na mbegu kila moja ibebe nusu ya kromosomu, zile nyuzi za urithi. Safari hii jozi moja haikuachana, na mtoto akapata moja ya ziada. Upande wako au wa mkeo, haijulikani. Hata ingejulikana, hakuna aliyekosa. Hata mama, aliyeanza kunung'unika, nimemnyamazisha.

Unanijua, sishindwi maneno. Lakini jana nilimkuta mkeo bafuni, anakamua maziwa na kuyamwaga. Akaniuliza, "Wifi, yatakauka lini?" Nilimshikia bakuli tu.

Kumshikia bakuli ni kazi yako, bwana mkubwa. Njoo uifanye kabla maziwa hayajakauka.

Ni mimi dada yako, nisiyekuogopa.