Kahawa Uliyoiacha Juu ya Spika

Mpendwa mama yangu wa redioni,

Miaka yote nilisoma salamu zako: "Mama Kemi wa Rubya anawasalimu wote walioamka na jembe." Uso wako sikuujua. Wewe sauti yangu uliijua hadi mafua, nikikohoa tu studio huku Bukoba, unatuma ujumbe: "Mwanangu, chemsha tangawizi."

Kisha tukaja Muleba kukutana na wasikilizaji. Hema, spika, tisheti za bure, na mimi jukwaani nikipayuka. Ukasogea, kitambaa cha kijani kichwani, mkononi kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Ukasema, "Kila siku unaingia kwangu, sijawahi kukupa hata kahawa. Leo pokea, waitu, mwanangu mpendwa."

Nami, Mhaya mzima, niliyelelewa kujua kwamba mgeni hupewa kahawa hata kabla ya kuulizwa habari, nikajibu, "Niko hewani mama, subiri kidogo." Nikakurushia tisheti. Jamani! Mtu kakuletea kahawa, wewe unamrushia tisheti! Nilipozima maiki ulishaondoka. Kahawa uliiacha juu ya spika, punje zinarukaruka kwa mdundo.

Kesho yake salamu zikaja: "Mama Kemi wa Rubya anashukuru kwa tisheti." Ndipo nikajua ni wewe. Niliapa kuja kukuomba radhi, lakini nikawa wa kesho na keshokutwa, hadi salamu zako zikakatika na Kemi akanipigia simu kuniambia umefariki.

Msibani Kemi alinikaribisha kahawa mbele ya majirani. "Mama alituhadithia mlivyokaa pamoja Muleba, mkatafuna kahawa mkicheka. Alifurahi huyo!" Wote wakanitazama. Nikasema, "Ndiyo." Ulinifichia aibu, mama, nami nikajificha humo humo.

Siku hizi tukienda kwa wasikilizaji naacha nyimbo zicheze, nashuka kwanza. Kule Bumbire nilikaa chini na akina mama wa dagaa, nikauliza kila mmoja jina lake. Wenzangu wananitania, eti nasalimia kama mgombea udiwani. Waache waseme. Nikiona kitambaa cha kijani moyo unaniuma.

Kemi akiisoma barua hii atajua ukweli. Hatukukaa, hatukucheka. Ulisimama juani, nami sikushuka.

Pumzika, mama. Nisamehe.

Mwanao wa redioni