Binti Aliyemshinda Mamake kwa Hoja

Jumamosi, jua linatua. Joto limekaa juu ya mtaa wetu wa Mjambere kama mgeni asiyejua kuaga. Shati limenigandia mgongoni, feni inazungusha vumbi lile lile la jana, na ndani yangu kuna kitu kinachochemka. Mwanzo nilidhani ni uchovu. Nikajichunguza, nikaona sivyo. Uchovu naujua, tumezeeka pamoja.

Hii ni dharau.

Nawadharau watu wanaojadili mazingira. Si wote, maana siwajui wote. Naanza na wale wa karibu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa jiografia na mlezi wa chama cha mdahalo katika shule moja ya kanisa hapa Kisauni, itabidi foleni ianze na mimi mwenyewe. Tumbo litatangulia, nami nitafuata.

Muhula huu tuliambiwa kila shule itoe mradi mmoja wa utafiti wa mwanafunzi kuhusu mijadala ya uendelevu wa mazingira. Ni shindano: miradi bora itawasilishwa kwenye ukumbi wa hoteli kule Nyali, mbele ya wakubwa. Tangu siku hiyo neno "uendelevu" limetajwa shuleni kwetu kuliko jina la Bwana, na sisi hufungua kila asubuhi kwa sala.

Akaletwa mtaalamu wa kutuelekeza. Kijana nadhifu, viatu vinavyong'aa, lafudhi isiyojua imezaliwa wapi. Alituhutubia kuhusu moshi na hewa ya dunia, huku gari lake likinguruma uwanjani tangu salamu hadi kwaheri ili dereva asipate joto. Nilikaa dirishani. Nusu ya hotuba sikuisikia kwa sababu ya gari, na nusu niliyoisikia ilinifanya nilishukuru gari. Alipomaliza alisema tupunguze plastiki, akanywa maji ya chupa, akaiacha chupa mezani. Ningali nayo. Mke wangu anatilia mafuta ya taa.

Lakini twende kwa Kache, maana ndiye nisiyemdharau katika habari hii.

Kache yuko kidato cha tatu. Ni msemaji wangu bora tangu nianze kulea chama cha mdahalo. Akisimama na kusema "Waamuzi waadilifu, mtunza saa usiyependelea, na wapinzani wangu mliopotoka," hata vioo vya madirisha hukaa sawa. Mamake anauza makaa kwenye kibanda nyuma ya kituo cha maji, na mitaa hii yote hupikia makaa yake, mimi nikiwemo. Kwa hiyo Kache alitaka kutafiti makaa. Alikuwa na swali zuri la kitoto: kwa nini kila mtu anasema makaa ni mabaya na kila mtu anayanunua?

Swali hilo lilifika kwenye jopo la walimu likauawa. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti wa jopo, alisema swali halishindi tuzo. Kinachoshinda ni msimamo. Wakaligeuza kuwa hoja, "Biashara ya makaa ipigwe marufuku", wakachotesha pande kwa vikaratasi, Kache akaangukia upande wa kuunga mkono. Utafiti, jamani. Kupewa jibu kwanza kwa bahati nasibu, kisha kutumwa mtaani kulitafutia ushahidi. Nilipinga kidogo, kwa sauti ya mtu anayewahi chai.

Na hapo ndipo kosa langu linaingia. Miaka yote nimewakaririsha watoto wa mdahalo sheria moja: hoja ya mpinzani isipite bila kujibiwa. Kisha nikampa Kache simu yangu ya zamani arekodi watu, nikamwambia nenda kawahoji. Sikumwambia kwamba kuhoji si kujibizana. Nilidhani mtu huzaliwa akijua. Mwanachama wa mdahalo hazaliwi akijua kitu kama hicho.

Akarudi na sauti. Nikazisikiliza kwenye chumba cha walimu, kikombe mkononi. Mama wa viazi karai anaeleza kuwa gesi humwishia viazi vikiwa nusu mbichi. Kache anamshukuru kwa hoja yake dhaifu na kumjibu kwa vipengele. Muuza kahawa anaanza, "Zamani sisi..." na kabla zamani haijafika popote, Kache anamkatiza kwa hoja ya taarifa, kama mdahaloni. Mzee wa watu anaomba radhi. Mama wa viazi anakubali kushindwa na kusikika akimfungia viazi aende navyo. Nilicheka hadi chai ikanitoka puani, na nikiri pia nilivimba kidogo kwa fahari. Mtoto alikuwa ameshinda mtaa mzima.

Ya mwisho ilikuwa sauti ya mamake.

Hiyo sikuicheka. Mama Kache anasema yeye anauza tu. Mwanawe anamwambia kuuza ni kushiriki. Mama anasema watu lazima wapike. Mwanawe anamuuliza iwapo wazao wa kesho nao hawatahitaji kupika. Kuna wateja, wanaangua kicheko, mmoja anasema, "Umepatikana leo, Mama Kache." Mama anataja karo, binti anamwambia hiyo ni hoja ya huruma, haina uzito. Halafu yule mama anasema, "Haya. Umeshinda," na makaa yanasikika yakimwagwa kwenye mfuko.

Naibu aliisikiliza akapiga meza. Hiki ndicho kiini cha mradi, akasema. Itachezwa ukumbini Nyali, wageni wasikie muuza makaa akishindwa na damu yake mwenyewe. Nikamkumbusha kanuni za shindano: sauti ya mtu haichezwi bila ruhusa yake. Naibu akanitazama kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni. "Mwalimu, mzazi wa Mjambere atajua nini kuhusu ruhusa? Kamwambie ni heshima kwake."

Alhamisi Kache alinisubiri nyuma ya maabara. Alikuwa amekonda usoni. Akanieleza kuwa tangu siku ile mamake hazungumzi naye. Anapika, anapakua, akiulizwa kitu anajibu ndiyo au la. Jioni ya kwanza Kache alidhani ni hasira, akajiandaa kuijibu. Haikuja hasira. Naibu naye alikuwa amemwambia kwamba akiondoa ile sauti mradi wote unaondolewa, na jopo linakaa Jumatatu.

"Nilishinda, Mwalimu," akaniambia. "Sasa nifanyeje?"

Nikamwambia aniachie hadi Jumamosi.

Kwa hiyo leo nilikwenda kibandani. Msamaha nilikuwa nimeuandaa, na nitajidharau mwenyewe kabla hujaniwahi, ewe msomaji: niliupanga kwa utangulizi, vipengele na hitimisho. Kiatu nilikipiga rangi, kana kwamba nakwenda kuposa.

Mama Kache alikuwa ameinama akichekecha chenga za makaa. Kache alikuwa upande wa pili akipima kwa kopo. Walikuwa wakipishana katika kile kibanda kidogo kama watu wawili waliopanga chumba kimoja bila kujuana. Mama akanikaribisha, akanipa kigoda, akaniomba radhi kwa vumbi la makaa litakaloshika suruali yangu. Nikakaa nikasema yote. Kwamba kosa ni langu, kwamba mtoto alifuata nilichomfunza, kwamba shule inataka kuicheza ile sauti na ana haki ya kukataa, na akikataa nitasimama naye hata mradi ukifa.

Akaniacha nifike mwisho. Hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo kwa watu wangu wa mdahalo lingekuwa dalili ya ugonjwa.

"Umemaliza, Mwalimu?"

Nikasema nimemaliza.

"Wewe ulidhani mimi niko upande gani?"

Nikamwambia kweli: upande wa makaa, kwani si anauza makaa?

"Nani aliniuliza?"

Kache akaacha kupima.

"Mimi nataka yakatazwe," akasema. "Hata kesho. Nikikatazwa nitaacha. Mwenyewe siwezi, watu wamenizoea na mimi nimewazoea. Lakini mwanangu alikuja hapa akasimama kama askari wa kaunti, na watu wanacheka. Pale hata angeniambia maji ni maji, ningekataa."

Nikawafikiria wale wa ukumbini Nyali, watakaomsikia akishindwa katika ubishi ambao hakuwa na nia nao, na kupiga makofi. Nikaifikiria midahalo yote niliyoisimamia kwa kengele na saa, na watu wazima wa nchi hii wanaokwenda barazani kujadili misitu na bahari namna hiyo hiyo: kila mmoja amechotewa upande wake na tumbo lake, hasikii, anasubiri zamu. Tumewalea sisi. Mimi nimewapa hata vyeti.

Mama Kache akafuta mikono kwenye leso, ikabaki myeusi vile vile, akamwambia binti yake awashe simu.

Akasema polepole. Kikohozi. Mto wa kulalia unaonuka moshi hata ukifuliwa. Akasema akina mama wa kanisani huvaa kitambaa cheupe siku ya ushirika na yeye hukaa benchi la nyuma, si kwa unyenyekevu kama mchungaji anavyodhani, bali kwa ajili ya kucha zake. Akasema akiacha makaa hajui atauza nini, na kutojua huko kunamtisha kuliko kikohozi. Halafu akasema, "Lakini miti itaota tena yenyewe. Si Mungu ndiye aliyeipanda?"

Nikaona mdomo wa Kache ukifunguka. Hoja nyepesi kama ile, iliyokaa wazi katikati ya njia. Wallahi na mimi nilihisi mkono wangu ukiinuka pajani.

Kache akafunga mdomo.

Simu ikaendelea kurekodi kimya. Mamake akamtazama, akingoja kipigo. Hakikuja. Akaokota kipande cha makaa akakigeuza geuza.

"Au haitaota," akasema. "Sijui, mwanangu. Wewe waonaje?"

Binti akasema naye hajui. Wakakaa vile, nami nikajiona nimezidi pale kibandani, nikanunua kopo moja ambalo sikulihitaji nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia mama akiuliza kama kuna mtu amekumbuka kuloweka maharagwe.

Baadaye Kache aliniletea simu, na sasa nimeisikiliza sauti hiyo mara tatu hapa chini ya feni. Ile ya kwanza Kache ameifuta, na mamake ameruhusu hii ichezwe popote. Haina upande, vipengele wala hitimisho. Kuna mahali pana kimya kirefu ambapo mtu asiyejua atadhani simu imeharibika.

Jumatatu nitaipeleka kwa jopo. Nitasema huu ndio utafiti, na wakiutupa wanitupe pamoja nao, japo nimekuwa mzito na itabidi watafute watu wawili. Namjua Naibu. Atasikiliza hadi mwisho kwa shida, atavua miwani, ataniuliza mwanafunzi wangu amemjibu nini mamake.

Nitamwambia hakumjibu kitu, alimsikiliza.

Kisha nitamuuliza: kuna alama za hilo?