Lita Zinazobaki Nyumbani

Jumatatu, 3 Februari

Mwenyekiti kaniita ofisini kwake kabla sijatua hata mkoba. Mkutano mkuu wa ushirika ni tarehe 22, na ripoti ya mauzo ni yangu, kama kila mwaka. Safari hii kuna jambo. Mnunuzi wa ng'ambo anataka mkataba wa miaka mitano, achukue mvinyo wetu wote. Wote! Si kwenye chupa — kwenye ile mifuko mikubwa inayojaza kontena zima. Ukifika kwao anaujaza chupani mwenyewe na kubandika lebo yake.

Mwenyekiti ana kichwa cha habari tayari: mauzo ya nje yamepanda kwa asilimia tisa. Kasema niandike hiyo kwa herufi kubwa, mengine ni mapambo tu. Kisha akaanza kunisifu, eti ushirika huu bila Mama Lita ungekuwa umeshazama. Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa — na chupa zenyewe ndizo anazotaka kuziua!

Mama Lita ni mimi. Kiwanda kizima kinaniita hivyo. Wanasema hata mtu akinisalimia namuuliza lita ngapi. Sikatai.

Nikamjibu kwamba nitaandika nitakachokikuta. Miaka kumi na saba nipo meza ya mauzo, hajawahi kunikuta na namba mbovu. Anajua.

Jumatano, 5 Februari

Ile tisa ni ya kweli. Lakini ndani yake! Miaka minne iliyopita, katika kila lita mia tulizouza nje, arobaini na moja zilitoka kwenye chupa zenye jina letu. Mwaka jana ishirini na sita. Kinachopanda ni mvinyo usio na jina. Chupa zetu zinashuka, tena kwa kasi.

Nyumbani ni kinyume. Miaka minne mfululizo mstari unakwea, na mwaka jana peke yake asilimia kumi na tisa. Nilisimama nikaizunguka meza. Kumi na tisa!

Nikampelekea karatasi fundi wa mvinyo, yule tunayemwita Pua kwa sababu hunusa kila kitu, hata kalamu. Alikuwa juu ya ngazi, kwenye tangi namba nne. Akasoma, akainusa karatasi. Kasema inanuka ugomvi.

Aliposhuka akaniuliza polepole: mkataba ukipita, mashine ya kujaza chupa itafanya kazi gani? Nikamwambia haitafanya kazi. Mashine ile inaendeshwa na wanawake kumi na wanne, na tuliwasikia wakicheka upande wa pili wa ukuta.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetoka kwa kaka. Langoni nimekuta visiki vya mizabibu vimerundikwa kama kuni.

Ni mizabibu myekundu ya baba. Mwenyekiti ametuma waraka kwa wakulima wote: mnunuzi anataka zabibu nyeupe, aina nyekundu ya zamani haina soko, ing'olewe. Kaka ameshang'oa mistari miwili. Imebaki ishirini na tisa.

Wifi alikuwa anafunga matawi, mikono imejaa mikwaruzo. Hakungoja hata nikae.

"Wifi, mwambie kaka yako ukweli. Akikosea yeye, mgongo unaopanda upya ni huu wangu."

Kaka akaegemea jembe. "Mdogo wangu, namba unazijua wewe. Niendelee au niache?"

"Acha."

"Hivyo hivyo tu?"

"Nyekundu ndiyo inayonunuliwa hapa nyumbani, kaka. Mwaka jana imepanda kumi na tisa kwa mia. Ukiing'oa leo, mche mpya utakupa mavuno baada ya miaka mitatu, na huyo mtu wa ng'ambo hajulikani kama atakuwepo."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Akalitupa jembe chini. Kweli, alilitupa! Wifi akaliokota, akalipeleka stoo na kufunga mlango.

Jumanne, 11 Februari

Sikuridhika na karatasi. Leo nimezunguka madukani kuona kwa macho ni nani anayenunua.

Muuza duka wa kona ya kituo cha mabasi kaniambia inayouzika sana ni ile ndogo, chupa ya robo lita. Kubwa ikifunguliwa isipoisha inachacha, watu wanaogopa hasara. Ndogo mtu ananunua mbili, yake na ya mwenzake, anakwenda zake. Chupa ile nilipoipendekeza miaka sita iliyopita, kikao kizima kilinicheka. Wakauliza kama tunauza dawa ya kikohozi.

Duka la pili, mama mmoja mwenye vazi la unesi anageuza geuza chupa yetu.

"Hii ya nje, eh?" akaniuliza.

"Ya hapa hapa."

"Acha utani! Mbona nzuri?"

Nilitaka kumkumbatia. Nikamtaka radhi badala yake, sijui kwa nini. Akachukua tatu.

Ijumaa, 14 Februari

Wifi kapiga simu. Kaka anazunguka mashamba ya jirani kama mhubiri. Kila lango ni kumi na tisa, kumi na tisa. Wakulima saba wameahirisha kung'oa. Saba! Kasema usiku anaota asilimia.

Nimecheka mpaka mhasibu akachungulia.

Jumatatu, 17 Februari

Siku mbaya.

Pua alikuja mezani kwangu na kahawa yake, akautazama mchoro wa mauzo ya ndani. Kaweka kidole juu ya kilele. Miezi gani hii? Nikamwambia Julai na Agosti. Akanusa kikombe. Akasema kama mtu anayeuliza habari za mvua: si ndiyo miezi ile kiwanda cha bia kilifungwa, mashine zao zilipoharibika?

Nikazifungua tena karatasi za miezi ile.

Wiki nane bia ilikuwa haipatikani. Watu walinunua kilichokuwepo. Mimi nikaona mstari umekwea, nikaizunguka meza nikishangilia kama mtoto. Sikuuliza umekwea kwa nini. Mimi! Mama Lita!

Na kumi na tisa sasa iko kwenye vinywa vya wakulima wanane, mmoja wao tumenyonya ziwa moja.

Nimeshindwa kula mchana.

Jumatano, 19 Februari

Nimeitoa miezi ile miwili pande zote. Miezi kumi ya mwaka jana kwa miezi kumi ya mwaka juzi. Jibu: kumi na moja.

Si kumi na tisa. Lakini ni kumi na moja, na bado inaipita tisa yao! Tena nimeona kitu ambacho sikukitafuta. Bia iliporudi Septemba, chupa ndogo ilishuka, ndiyo, ila haikurudi ilipokuwa Juni. Wapo walioonja kwa shida wakabaki kwa hiari. Nimepumua.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikwenda kwa kaka. Sikutaka kumwambia kwenye simu. Alinisikiliza amesimama.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikosea. Sikukudanganya."

"Kwa watu saba niliowaambia kuna tofauti gani? Nimesimama langoni kwa watu, nimepiga kifua, nikasema dada yangu hakosei!"

"Nilikosea namba, kaka. Jibu ni lile lile. Usiing'oe."

"Ungekuwa wewe ungeniamini?"

Wifi akaweka chai mezani, kikombe changu akakiweka kwa sauti kubwa kidogo kuliko vingine. Nikainywa yote. Kaka hakugusa ya kwake. Wakati naondoka hakunisindikiza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu niolewe.

Alhamisi, 20 Februari

Ripoti nimeipeleka kwa Mwenyekiti. Habari ya kiwanda cha bia nimeiweka ukurasa wa kwanza, aya ya kwanza.

Akasoma aya hiyo, akavua miwani. Kumbe alikuwa anaijua! Alikuwa ameihifadhi ili aniumbue nayo mbele ya watu. Hakusema hivyo, lakini uso wake ulisema.

Nikampa nafasi aniambie ya kwake, na nikiri kwamba si mjinga. Anasema mnunuzi mmoja mwenye saini ni bora kuliko walaji elfu wasio na saini. Anakumbuka mwaka ambao matangi yalijaa na hakuna aliyetaka, tukamwaga lita elfu sitini kwenye mfereji ule wa nyuma. Alikuwa kijana wa matangi wakati huo, alifungua koki kwa mkono wake. Anasema harufu ile haijamtoka mpaka leo.

Nikamwambia naielewa hofu yake. Lakini mwaka ule hatukuwa na chupa ndogo, wala msambazaji hata mmoja. Leo tunao kumi na wawili. Na mtu anayechukua mvinyo wako wote bila jina lako, siku akipata wa bei poa kwingine, nani atakukumbuka?

Akaniuliza kama naweza kuufupisha ukurasa wa soko la ndani. Hapana. Kuuhamishia mwisho? Hapana. Akavaa miwani.

Nimetoka pale kichwa kimetulia. Ripoti ni safi. Hata mimi mwenyewe nimo ndani, na kosa langu.

Jumamosi, 22 Februari

Naandikia ukumbini. Sisi wafanyakazi hatupigi kura, kwa hiyo nimekaa pembeni kwenye meza ya vipaza sauti na daftari mapajani. Mikono inahitaji kazi.

Wakulima kama mia mbili, viti havikutosha, wengine wamekalia makreti. Kaka yuko safu ya tatu na jirani zake saba. Tumesalimiana kwa kichwa. Hatujasema neno tangu Jumatano.

Nilianza na bia. Nikasema wazi: wapo mliosikia kumi na tisa, mliisikia kutoka kwangu, na haikuwa sahihi. Mwenyekiti alikuwa na karatasi mkononi — akaikunja, akaitia mfukoni.

Mkulima mmoja mzee wa safu ya mbele akainua mkono. Anauliza, hiyo kumi na moja tuikubali, au nayo ina bia ndani?

"Haina hata povu," nikamjibu.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hapo ndipo sauti yangu ilinirudia. Nikasoma yote: chupa zinazoshuka nje, zinazopanda nyumbani, ile arobaini na moja iliyokuwa ishirini na sita. Wakanirudisha mara mbili kwenye hiyo. Mmoja akaiandika kiganjani.

Mwenyekiti naye akasema yake, na alisema vizuri. Alipofika kwenye lita elfu sitini za mfereji wa nyuma, wazee waliinamisha vichwa. Nilihisi ukumbi unaondoka mikononi mwangu.

Kisha kaka akasimama. Sikujua kama angesimama.

"Jamani, mimi ndiye niliyewapitia malangoni," akasema. "Niliwaambia kumi na tisa. Ni kumi na moja. Dada yangu alikuja nyumbani mwenyewe kuniambia, nami nikamnunia. Sasa nasema: aliyenifuata kwa ajili ya hizo nane zilizopungua aende tu, sitamnunia. Mimi shamba langu sing'oi tena."

Akakaa. Wala hakunitazama. Nikalitazama daftari maana macho yalikuwa yananisaliti.

Sasa hivi wanapiga kura. Anayetaka mkataba asimame. Safu ya mbele imesimama karibu yote, hata mzee wa bia. Safu ya pili nusu kwa nusu. Mwenyekiti anahesabu kwa sauti, Pua mlangoni anahesabu kwa midomo.

Wamefika safu ya tatu. Kaka amekaa, mikono kifuani. Jirani yake wa kulia, yule mrefu, kaweka viganja magotini kama anayetaka kuinuka. Ameinuka — hapana! Amevuta kiti karibu na cha kaka, amekaa. Wa pili hajatikisika. Wa tatu naye anatazama huku kwangu, ananinyooshea vidole, kimoja na kimoja, kama anauliza. Namtikisia kichwa: ndiyo, kumi na moja. Ndiyo. Anakunja mikono kifuani kama kaka, anabaki kitini.